Umeiunga kompyuta mwenyewe na haiwaki: pa kuanzia kabla hujanunua kifaa kingine

Jumamosi moja kijana alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu, kasha la kompyuta amelifunga kwa khanga kama kabeba mtoto. "Shikamoo fundi. Nimeshanunua pawa saplai mbili na zote mbovu." Nikafungua ubavu wa kasha. Pawa saplai (kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) aliyoifunga ilikuwa nzima, na ile nyingine aliyoibeba mkononi nayo nzima. Juu kushoto mwa mazabodi (ubao mkuu unaoungwa vifaa vyote), jirani na prosesa (ubongo wa kompyuta), palikuwa na tundu la pini 8 halina kitu. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kubanwa vizuri nyuma kwa kamba ya plastiki, maana kijana aliuona kama wa ziada. Nilimtoza hela ya soda.

Kesi za namna hii ndizo nyingi. Kifaa kutoka dukani kikiwa kimekufa kabisa hutokea, ila ni mara chache kuliko waungaji wapya wanavyodhani. Mara nyingi plagi haijazama, RAM (vibao vya kumbukumbu) imekaa nusu, au waya wa kioo (skrini) umechomekwa pasipo pake. Ndiyo maana hapa chini nimepanga kwa dalili, na kila dalili inaanza na sababu ninayokutana nayo zaidi. Usiruke hatua kwa kuwa inaonekana ya kitoto.

Kabla hujagusa chochote

Chomoa waya wa ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 ili umeme uliobaki ndani umwagike. Gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi kabla ya kushika RAM au kadi ya grafiki (ile inayotoa picha). Sisi wa pwani unyevu unatusaidia, lakini ukiwa Dodoma au Nairobi wakati wa ukavu, ukivua sweta tu unasikia cheche, na cheche hiyohiyo inaweza kuua kifaa bila wewe kuihisi.

Angalia nyuma ya pawa saplai. Za zamani na za bei ya chini zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Tanzania na Kenya kiwe 230. Mzigo wa mitumba uliotoka Marekani huja kikiwa 115, na ukiuchomeka hivyo kwenye umeme wetu unalipuka papo hapo, wenyewe tunaita "imepiga bomu".

Na jambo moja sitalirudia: pawa saplai haifunguliwi. Kapasita zake zinashika umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Ikiwa mbovu, badilisha nzima.

Dalili ya 1: Haiwaki kabisa, hakuna feni wala taa

Anza na soketi. Chomeka chaja ya simu hapohapo uone kama inachaji. Ekstensheni nyingi zina tundu moja au mawili yaliyolegea. Kisha tazama swichi ya nyuma ya pawa saplai, ile yenye alama ya I na O. Iwe upande wa I. Nimeshapanda daladala mpaka Mbagala kwenda kubonyeza swichi hiyo.

Baada ya hapo, plagi mbili za mazabodi. Ile kubwa ya pini 24 inahitaji nguvu inayomtia mtu woga mara ya kwanza. Ibonyeze huku umeishika mazabodi kwa chini isipinde, mpaka kikucha cha plastiki kilalie kwenye nundu yake. Ya pili ni ya prosesa, pini 4 au 8, juu kushoto. Hapa pana mtego: plagi ya prosesa na plagi ya kadi ya grafiki zinafanana sana kwa mtu asiyezizoea. Ya prosesa inagawanyika nusu kwa nusu, yaani 4 na 4. Ya kadi inagawanyika 6 na 2. Zimetengenezwa zisiingiliane, kwa hiyo ukiona unalazimisha, simama uisome, mara nyingi imeandikwa CPU au PCIe ubavuni.

Kinachofuata ni nyaya nyembamba za kitufe cha mbele ya kasha. Pini zake ziko kona ya chini kulia ya mazabodi, ndogo kama meno ya kitana, na bila kijitabu cha mazabodi utabahatisha. Waya wa kuwashia, PWR SW, hauna kushoto wala kulia. Ukiugeuza bado unafanya kazi. Za taa ndizo zenye chanya na hasi, na ukizigeuza taa haiwaki, hakuna kinachoungua. Kama unashuku kitufe chenyewe, chomoa waya huo, chomeka mashine ukutani, kisha gusanisha zile pini mbili za PWR SW kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu. Ikiwaka, mazabodi na pawa saplai ziko salama, tatizo ni kitufe au waya wake. Hakikisha tu umezihesabu pini sawasawa kutoka kwenye kijitabu.

Bado kimya? Toa mazabodi kwenye kasha. Najua inauma, umetumia saa mbili kupanga nyaya. Chini yake kuna vinguzo vya shaba vinavyoitenga na bati la kasha. Kikikosekana mahali, au kikiwepo mahali ambapo mazabodi haina tundu, kinagusa njia za umeme kwa nyuma na pawa saplai inakataa kuwaka ili kujilinda. Niliwahi kukuta skrubu moja iliyodondoka imelala chini ya mazabodi, mwenyewe aliitafuta sakafuni akaikosa akasema potelea mbali.

Ukishaitoa, ilaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu, si juu ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa, kwa sababu nje ya mfuko huo kunapitisha umeme. Weka prosesa na kipozeo chake, RAM moja, plagi mbili za umeme, basi. Kama prosesa yako haina grafiki ya ndani, ongeza kadi. Washa kwa bisibisi. Ikiwaka hapo mezani, kosa liko ndani ya kasha.

Ya mwisho ni pawa saplai yenyewe. Njia ya uhakika ni kuazima nyingine nzima. Watu hupenda kuijaribu kwa kuunganisha waya wa kijani na mmoja mweusi kwenye ile plagi ya pini 24. Inafanyika, mradi plagi nyingine zote zimechomolewa kwenye vifaa, lakini jibu lake ni nusu: feni ikizunguka inathibitisha kwamba inaanza, haithibitishi kwamba inabeba mzigo. Tena baadhi ya za kisasa feni haizunguki mpaka zipate joto, ukaidhania imekufa. Ukisikia harufu ya kuungua au mlio wa pa!, chomoa ukutani na usijaribu tena.

Dalili ya 2: Feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo ni cheusi

Hii ndiyo mama wa dalili zote.

Kwanza kabisa: waya wa kioo umechomeka wapi? Nyuma ya kasha kuna sehemu mbili zenye tundu la HDMI, ya juu kwenye mazabodi na ya chini kwenye kadi ya grafiki. Ukiwa na kadi, chomeka kwenye kadi. Karibu kila mwezi naletewa mashine ambayo tiba yake ni kushusha waya sentimita 15. Na kioo chenyewe kimewekwa kwenye tundu husika? Vingi vina HDMI na DisplayPort, unachagua kwa vitufe vyake.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu hana kadi, amechomeka kwenye mazabodi, na prosesa haina grafiki ya ndani. Kwa Intel, herufi F mwishoni mwa jina maana yake haina: i5-12400 inayo, i5-12400F haina. Kwa Ryzen (prosesa za AMD) za kizazi cha 5000, zenye grafiki ni zile zenye G, kama 5600G, na 5600 ya kawaida haina. Kwa kizazi cha 7000 karibu zote zinayo ndogo ya kutosha kuona picha, ila 7500F hapana. Muuzaji wa Kariakoo au Luthuli Avenue akikupunguzia bei ya prosesa, soma herufi ya mwisho kabla ya kushukuru.

Pili, RAM. Hii inastahili kutulia.

Ukiwa na RAM mbili na sloti nne, nafasi zake ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kijitabu huziita A2 na B2. Ukizipanga ya kwanza na ya pili kwa kuwa ndivyo zinavyopendeza, mashine nyingine itawaka kwa uzito na nyingine haitawaka. Kisha suala la kuzama: RAM inaingia kwa sauti mbili za "tak", moja kila ncha. Mazabodi nyingi za sasa zina kikucha upande mmoja tu, na upande usio na kikucha ndio unaobaki juu milimita moja bila kuonekana. Weka jicho usawa wa sloti utazame. Vidole gumba viwili, kimoja kila ncha, bonyeza mpaka usikie.

Ukiwa na RAM ya mtumba, toa, sugua zile pini za rangi ya dhahabu taratibu kwa ufutio mweupe wa shule, pangusa kwa spiriti kwenye kitambaa kisichotoa manyoya, acha ikauke, rudisha. Si uchawi, ni kutu nyembamba na jasho la vidole vinavyoondoka. Baadaye jaribu RAM moja peke yake kwenye A2. Kisha nyingine peke yake. Kama moja inawaka na nyingine haiwaki, umeshamkamata mwizi.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka: kama mashine yako inatumia RAM za aina ya DDR5, hasa Ryzen za soketi (kikalio cha prosesa) ya AM5, kama za kizazi cha 7000, siku ya kwanza inaipima RAM kabla ya kuonyesha chochote. Kioo kitakaa cheusi dakika kadhaa, pengine 10 au zaidi RAM ikiwa kubwa. Mtu anaona giza, anazima, anawasha, kipimo kinaanza upya, anazima tena. Iwashe, kapike chai, rudi. Hali hiyo inajirudia pia ukitoa betri ya mazabodi au ukibadili RAM.

Tatu, taa ndogo za uchunguzi. Mazabodi nyingi za kisasa zina taa nne pembeni zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ikiganda kwenye DRAM rudi kwenye RAM. VGA ni kadi au waya wa kioo. BOOT maana yake kila kitu kimepita, haijaona tu mahali pa kuanzia Windows, na hilo si kosa kama bado hujasakinisha. Taa ya CPU tutaifikia. Mazabodi isiyo na taa hizi huwa na pini za kispika kidogo, na kispika chake ni cha bei ndogo. Milio yake inasomwa kwenye kijitabu, maana kila kampuni ina yake.

Nne, kadi ya grafiki. Itoe, irudishe mpaka kikucha cha sloti kilie, na uchomeke umeme wake wa pini 6 au 8. Kadi nzito hulala upande mmoja ukifunga skrubu vibaya, ikajichomoa kidogo kwenye sloti. Kadi mpya kubwa zenye plagi ndogo ya pini 16, iliyoanza kuenea 2022, zinadai uangalifu: plagi hiyo ikibaki nje hata kidogo inaweza kuyeyuka.

Tano, prosesa ni mpya kuliko BIOS (programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mazabodi). Mazabodi za B450 zilitoka 2018, Ryzen 5000 zikafuata mwishoni mwa 2020. Boksi lililokaa stoo lina BIOS isiyoijua prosesa hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa B660 na Intel za kizazi cha 13. Feni zinazunguka, taa ya CPU inawaka, giza. Kama nyuma ya mazabodi kuna kitufe cha kuandika BIOS kwa flashi bila prosesa, fuata kijitabu herufi kwa herufi, na jina la faili liwe kama kilivyoagiza. Kama hakuna kitufe, utahitaji prosesa ya zamani ya kuazima, na hapo ni rahisi kumpelekea fundi. Umeme wa mtaani kwenu ukiwa wa kukatikakatika, usiandike BIOS bila UPS (betri ya kushika umeme ukikatika). Ukikatika katikati, mazabodi inaweza kuwa bati tu.

Kabla ya hatua ya mwisho, futa mipangilio ya BIOS: chomoa ukutani, toa betri ya duara ya CR2032, ngoja dakika 5, rudisha.

Ya mwisho ni pini. Ondoa kipozeo, tazama. Soketi za Intel na AM5 zina pini kwenye mazabodi, AM4, soketi ya Ryzen za nyuma kama 5000, pini ziko chini ya prosesa. Tumia tochi ya simu na uangalie kwa pembe. Pini zikiwa sawa zinang'aa kwa mistari kama shamba la mpunga lililopandwa kwa kamba, na iliyopinda inavunja mstari. Pini ya AM4 unaweza kuinyoosha mwenyewe kwa kadi ya benki au ncha ya penseli ya risasi ya kubonyeza, polepole. Pini za kwenye mazabodi usiziguse kama huna kioo cha kukuzia na mkono uliotulia. Hapo ni kwa fundi. Angalizo kwa wa AM4: unapotoa kipozeo, kizungushe kushoto na kulia kwanza. Ukikivuta moja kwa moja kinang'oka na prosesa ikiwa imegandia, hata kama imefungwa.

Dalili ya 3: Inawaka sekunde mbili, inazima, inawaka tena

Ikijirudia mara mbili tatu siku ya kwanza kisha ikatulia, iache, inajipima. Isipotulia, wa kwanza kushukiwa ni RAM tena, rudia kama juu. Kisha plagi ya prosesa ya pini 8 iliyozama nusu. Kisha kitufe cha kuwashia kilichonasa ndani, hasa makasha ya bei rahisi: chomoa waya wake, washa kwa bisibisi uone. Mwisho ni shoti, yaani vinguzo na skrubu iliyopotea, na hapo unarudi mezani juu ya boksi.

Dalili ya 4: Kasha linakupiga shoti ukiligusa

Mtetemo mwembamba kwenye mkono, hasa ukiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji. Wengi wanadhani pawa saplai ni feki. Mara nyingi siyo. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, nazo zimeungwa kwenye chuma cha kasha kwa kutegemea waya wa ardhi (earth) uzimeze. Nyumba ikiwa haina ardhi, chuma kinabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kukushtua, na unaweza kuharibu tundu la HDMI unapochomeka kioo mashine ikiwa imewaka.

Tazama kwanza ekstensheni. Nyingi za bei rahisi zina matundu matatu kwa nje, ndani zina nyaya mbili. Pili, adapta: waya wa mtumba kutoka Ulaya ukivishwa kichwa cha miguu miwili, ardhi inaishia hapo. Na ile tabia yetu ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie: tundu unalolichokonoa ndilo la ardhi. Chomeka moja kwa moja ukutani kwa waya wa miguu mitatu. Mtetemo ukiisha, tupa ekstensheni.

Usipoisha, acha kompyuta, muite fundi umeme aliyesajiliwa apime ardhi ya nyumba. Usivute waya mwenyewe mpaka kwenye bomba la maji au nondo ya dirisha. Ikitokea hitilafu kubwa, atakayeoga ndiye atakayeumia. Na kama ni pigo la nguvu, la kurusha mkono, zima kwenye swichi kubwa ya nyumba kwanza.

Dalili ya 5: BIOS inafunguka, Windows haikubali

Diski haionekani: kwa SSD ya M.2 (ile bapa inayolazwa kwenye mazabodi), angalia kama imeingia mpaka mwisho. Inaingizwa kwa mshazari, kisha inalazwa na kufungwa skrubu. Kuna za NVMe na za SATA zenye umbo lilelile, na sloti nyingine zinapokea aina moja tu. Kwa diski ya waya, kumbuka mazabodi nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA ukijaza sloti fulani ya M.2. Hamisha waya tundu jingine kabla ya kulaumu diski. BIOS ikiiona lakini kisakinishi cha Windows hakiioni, kwenye baadhi ya mashine za Intel ni draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya hifadhi inayokosekana. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, iweke kwenye flashi, uipakie hapohapo.

Windows 11 ikisema kompyuta haifai wakati vifaa ni vipya, ingia BIOS uwashe TPM (kinga ya usalama ambayo Windows 11 inaidai). Kwa AMD inaitwa fTPM, kwa Intel PTT. Diski ya mtumba iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani nayo hukataliwa, na dawa yake ni kufuta vipande vyote kwenye kisakinishi. Kila kilichomo kitapotea, kwa hiyo nakili kwanza.

Imeingia lakini haina intaneti? Mazabodi nyingi hazina Wi-Fi, na yenye nayo inangoja draiva. Chukua simu ya Android, unganisha kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kwa USB. Mara nyingi Windows inaitambua bila kusumbua, unapakua draiva kwa bando lako.

Dalili ya 6: Inachemka, inazima katikati ya gemu

Karatasi ya plastiki chini ya kipozeo. Imeandikwa iondolewe, na bado inasahaulika. Ifuatayo ni kipozeo kilichofungwa upande mmoja. Skrubu zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo. Kisha pesti ya kupitisha joto: punje ya ukubwa wa dengu inatosha, na ukikitoa kipozeo lazima upanguse upake upya. Feni yake iwe kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, la sivyo mashine inagoma na kulalamika haina feni.

Hewa nayo. Feni inatoa upepo upande wenye fremu ya kushikilia mota. Mbele ziingize, nyuma itoe. Nimeona kasha lenye feni nne zote zinavuta ndani, limejaa vumbi kama gunia la unga.

Chumba cha Dar mchana, prosesa isiyofanya kitu kuwa nyuzi 45 au 50 ni kawaida. Kwenye kazi nzito, 80 na kitu haitishi. Ryzen 7000 zimeundwa zifike 95, Intel nyingi za karibuni hujipunguza mwendo zinapofika 100. Lakini ukiona 90 ukiwa kwenye BIOS tu, zima, kipozeo hakigusi.

Joto likiwa sawa na bado inazima pale gemu linapokolea, mshukiwa ni pawa saplai ndogo. Maandishi ya wati 600 kwenye boksi la bei ya mchele usiyaamini. Soma kibandiko, amperi za 12V zidishe kwa 12, ndizo wati zenyewe. Na kama UPS inalia kisha kila kitu kinazima umeme ukikatika, UPS ya 650VA haibebi wati 650, mara nyingi ni 360 hadi 390 hivi. Baadhi ya pawa saplai nzuri pia hazielewani na UPS za bei ya chini zenye wimbi la kuigiza. Hapo hakuna kilichoharibika, ni kubadili UPS.

Vidogo vinavyoonekana vikubwa

RAM ya 3200 inasoma 2133 au 2400: washa XMP (mpangilio wa kasi ya RAM, kwa DDR5 za AMD huitwa EXPO) kwenye BIOS, ikikataa kuwaka futa BIOS kama nilivyoeleza. Kioo cha 144Hz kinakwenda 60: badilisha kwenye mipangilio ya kioo ya Windows. Tundu la sauti la mbele ya kasha halilii: waya wa HD AUDIO haujachomekwa, uko chini kushoto.

Ukiamua kuileta kwa fundi

Umefika hapo kama kuna harufu ya kuungua, pini za soketi zimepinda, BIOS imekatikia njiani, au umejaribu mezani kwa RAM moja na kila kitu bado kimya. Njoo na kijitabu, risiti, na orodha ya ulichokwisha kubadilisha. Kama umepanda bodaboda, toa kadi nzito ya grafiki uibebe kwenye boksi lake, barabara zetu zinazijua. Na kama pawa saplai yako ni ya nyaya za kuchomoa, njoo na nyaya zake zote kwenye mfuko wake. Usiniletee za rafiki yako kwa kuwa zinaingia. Upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini kivyake, na waya wa kuazima unaweza kupeleka volti 12 mahali pa 5. Wiki hiyohiyo ya yule kijana wa khanga, jamaa mwingine aliua diski mbili kwa njia hiyo, moja ina picha za harusi ya dada yake.